Pikipiki Mbili za Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini sikufungua hata nati moja. Fundi Mkuu alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye injini ya lori iliyokuwa ikinguruma, na mpini niubane sikioni. Nikainama hivyo mpaka saa sita mchana, shingo inauma, nikiamini kabisa kwamba naadhibiwa kwa kosa nisilolijua. Aliporudi kutoka kula aliniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia kelele.

"Kelele iko nyingi," akasema. "Moja iko gonjwa. Kesho sikiliza tena."

Nilisikiliza miezi miwili. Waingereza walikuwa bado wanatawala, vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha miaka michache tu, na gereji yetu ilikuwa banda la mabati pembeni mwa Ngarenaro. Nilikuwa nateremka kutoka kwetu Meru kila Jumatatu alfajiri kwa miguu, nimefunga ndizi za kuchoma kwenye kitambaa, na Jumamosi napanda kurudi. Fundi Mkuu alikuwa Singasinga, mrefu, kilemba chake cheupe hakikuwahi kushika doa la grisi hata siku moja, jambo ambalo mpaka leo sijui alilifanyaje. Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia. Hata walowezi wa Kizungu waliokuja na magari yao walimwita Fundi Mkuu, na yeye aliwajibu akiwa ameketi.

Ninyi wa leo mnafungua kitabu cha mtambo mkasoma. Sisi hatukuwa na kitabu. Tulikuwa tukichomoa plagi, ile inayotoa cheche ndani ya silinda, na kutazama rangi yake. Ikiwa ya kahawia iliyopauka, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, ringi za pistoni zimekwisha na injini inakunywa oili yake yenyewe. Kisha tunakanyaga kiki taratibu, bila kuwasha, tusikie mguu unazuiwaje. Mguu ukizama bila kuzuiwa, mgandamizo hakuna, na pikipiki ya namna hiyo mlima itauona kwa mbali tu. Cheni tuliivuta kwa vidole kutoka kwenye meno ya gurudumu la nyuma. Spoki tuliziparaza kwa kijiti, moja moja, na iliyolegea ilijisema yenyewe.

Mwaka wa nne nilikuwa mpimaji wa pikipiki wa gereji ile. Watu wengi siku hizo walinunua pikipiki zilizotumika, hasa zile nzito zilizotoka jeshini, zenye kiti kipana na usukani mpana, zilizotengenezwa kwa safari ndefu. Mnunuzi alizileta kwetu tuzipime kabla hajatoa fedha. Fundi Mkuu alinikabidhi kazi hiyo kwa sababu ya masikio yangu. Mjini wakaanza kuniita Sikio, na mimi, niseme kweli, nilivimba kichwa. Nilikuwa nikipita sokoni nasikia "Sikio!" nikageuka polepole ili walio mbali nao wapate kuniona.

Jambo moja tu sikukubaliana na bwana wangu. Mimi niliiamini sana saa ya maili. Pikipiki yenye maili chache kwangu ilikuwa kijana, yenye maili nyingi ilikuwa kikongwe, basi. Fundi Mkuu alikuwa akiifuta ile saa kwa kitambaa halafu anaitemea mate.

"Hii nasema imekwenda ngapi," aliniambia. "Hapana sema imekwenda na nani."

Nilimwitikia kwa mdomo, moyoni nikamwona mzee wa mambo ya zamani.

Sasa nije kwenye zahanati. Juu kule mlimani, upande wa magharibi wa nchi ya Wameru, mahali ambapo mashamba ya kahawa na migomba ya Wameru yanakutana na malisho ya Waarusha, kulikuwa na zahanati ndogo ya chumba kimoja. Ilihudumiwa na mtu mmoja, Dresa Elisaria. Dresa, kwa wasiojua, alikuwa mganga msaidizi aliyefunga vidonda, aliyechoma sindano na kutoa dawa, na kwa watu wa juu yeye ndiye aliyekuwa daktari wao wa pekee. Alikuwa akizunguka vijiji vyote kwa miguu. Masika yaliyopita watoto wawili wa kijiji kimoja walikufa kwa kichomi, naye akiwa njiani na sindano mkobani. Baada ya maziko ya wa pili watu wakakaa, wakakubaliana kila nyumba yenye kahawa itoe sehemu ya mavuno, na wenye ng'ombe nao watoe, Dresa anunuliwe pikipiki kabla ya masika mengine. Hakukuwa na mavuno mengine ya kufidia. Kama wangekosea, Dresa angerudi kwenye miguu yake na masika yangemkuta hukohuko.

Kamati ilikuja gerejini mwezi wa pili, wazee watano pamoja na Dresa mwenyewe. Wanne walikuwa watu wetu, wazee wa kanisa, na Mmeru haendi kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo walinibebea mkungu mzima wa ndizi mbivu wakaulaza juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya spana. Wa tano alikuwa Mwarusha, Mzee Lomayani, amejifunga blanketi, mkononi fimbo. Huyo hakuwa na habari na ndizi wala na spana. Alitoa ng'ombe wawili kwenye mchango na alitaka kuona ng'ombe wake wamegeuka kitu gani.

"Shikamooni wazee," nikasema.

"Marahaba, baba," wakaitikia wale wanne.

Mzee Lomayani alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Huyu ndiye Sikio? Mbona ni mdogo?"

Pikipiki zilizokuwa zikiuzwa wiki ile zilikuwa mbili. Ya kwanza ililetwa na mtu kutoka upande wa mpakani, nyeusi, inang'aa, saa yake ya maili haijafika hata elfu nane. Ya pili ilikuwa ya ofisi moja ya mifugo, kubwa kama hiyo, rangi imechujuka, imepita maili elfu sitini. Tarishi wa ofisi alikuwa ameipitisha asubuhi, nami hata plagi sikuichomoa. Niliwaambia wazee ile ni bibi kizee, tumwache apumzike.

Nikaipima ile inayong'aa. Fundi Mkuu alikuwa amekwenda Moshi kuchukua vipuri, kwa hiyo uwanja ulikuwa wangu. Plagi safi. Mgandamizo mzuri, nadhani injini ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa ringi mpya. Mzee Lomayani aliinama akaweka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa.

"Huyu amekimbia leo," akasema. "Kwa nini akimbizwe kabla ya kuja sokoni?"

"Nimetoka mbali, mzee," muuzaji akajibu.

Nikaiwasha, nikaweka bisibisi kwenye giaboksi, lile sanduku la meno ya gia. Ndugu zangu, kimya. Kimya cha kupendeza. Nilibadilisha gia zote nne, sikusikia hata meno kugusana. Nikawapa wazee bisibisi wasikilize na wao, wakatikisa vichwa kwa furaha ingawa sidhani kama walisikia lolote. Mzee Lomayani hakutaka bisibisi. Alikuwa amesogeza pua.

"Mbona huyu ananuka ndizi?"

Tulicheka wote. Mmoja wa wazee wetu alishika mbavu. "Lomayani, umekunywa maziwa mpaka umesahau ndizi inanukaje! Tazama pale mezani!" Na mimi nilicheka, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu ilikuwa gereji yangu siku ile. Dresa Elisaria peke yake ndiye hakucheka, alikuwa akipapasa kile kiti kipana kwa mkono.

Kicheko kilipokwisha nikafungua kizibo cha giaboksi nipime oili. Harufu ikanipanda puani, tamu, yenye kuungua kidogo. Niliinua uso, nikauona mkungu uko hapo kando ya kiwiko changu. Nikajiambia ni huo. Nikafunga kizibo. Nikasimama nikafuta mikono na kuwaambia wazee, "Hii ni mpya kabisa. Chukueni."

Wiki ya tatu, mvua zikiwa ndiyo zimeanza, ilikwama kwenye mteremko wa mto. Gia zilikamatana mara moja, gurudumu la nyuma likasimama, Dresa akarushwa kwenye matope na sanduku la dawa likapasuka. Aliumia goti, kwa bahati si zaidi. Wanaume sita waliibeba pikipiki ile kwa miti ya kuegemezea migomba mpaka Ngarenaro, safari ya siku nzima, na hakuna aliyenitukana walipoitua. Ningeshukuru wangenitukana.

Fundi Mkuu alifungua giaboksi mwenyewe. Ikatoka oili kidogo, halafu ukatoka uji mweusi, mzito, wenye nyuzinyuzi, umechanganyika na unga wa chuma. Walikuwa wameponda ndizi wakashindilia humo. Ndizi inashika meno yaliyokwisha, inayaziba sauti kwa muda, ikikauka na kuungua basi chuma kinasaga chuma. Saa ya maili nayo ilikuwa imerudishwa nyuma. Fundi Mkuu alichota uji ule kwa kidole, akaunusa, akaniletea chini ya pua.

"Sikio iko nzuri sana," akasema. "Pua iko likizo?"

Muuzaji tulimtafuta. Jina alilotupa halikuwa lake, na mpakani hakuna aliyemjua.

Jumapili nilipanda kwenye kamati. Walikaa nje ya kanisa baada ya ibada, Dresa amenyoosha mguu wenye bandeji, na mazungumzo yote yalikuwa ya yule muuzaji, jinsi alivyo mwizi, jinsi Mungu atakavyomlipa. Mwenyekiti hata alinihurumia. "Wewe umedanganywa kama sisi," akasema. Ningeweza kukaa kimya hapo. Nilikuwa na chai mkononi na watu wako upande wangu. Lakini kila nikimtazama Dresa naliona lile goti, nikasimama.

"Mimi sikudanganywa," nikasema. "Harufu niliisikia."

Mzee Lomayani aligeuza fimbo yake. "Uliisikia kabla yangu au baada?"

"Baada yako, mzee."

"Basi ulinicheka ukijua?"

"Nilicheka kwanza. Nikanusa baadaye. Nilipokwisha kucheka mbele ya watu, niliona haya kurudi nyuma."

Nilitegemea faini, au nifukuzwe kwenye shughuli zao. Mwenyekiti alifungua mdomo, lakini Mzee Lomayani alimwahi.

"Huyu kijana atatununulia mwingine," akasema. "Sasa anajua anavyokosea. Tukimtafuta fundi mwingine, yeye naye tutamngoja akosee kwanza. Ila safari hii nitanunua mimi, yeye atabeba spana."

Fundi Mkuu akainunua maiti ya pikipiki yetu kwa ajili ya vipuri, injini ikiwa bado nzima, na fedha iliyopungua kununulia nyingine akaitoa yeye, nami nikamlipa kwa kazi Jumamosi mchana kwa nusu mwaka. Mama yangu alilalamika kwamba sasa anamwona mwanawe siku moja kwa wiki. Nilimwambia hata hiyo moja ni ya kanisa.

Bibi kizee wa ofisi ya mifugo alikuwa hajauzwa, hakuna aliyezitaka zile maili. Tulifika pale kabla jua halijatoka, Mzee Lomayani, Dresa na mimi. Nilimuuliza mzee kwa nini mapema hivi.

"Ng'ombe unamwona akiinuka," akasema. "Akishasimama sokoni, wote ni wazuri."

Hakugusa pikipiki kwanza. Aliiondoa mahali ilipolala, akachutama kutazama ardhi, akapapasa udongo kwa vidole. Kulikuwa na doa moja la oili, dogo, la zamani. "Tumbo lake ni zuri," akasema. Akaweka kiganja kwenye injini, baridi. Akamwita tarishi. Karani wa ofisi alikuja mbio kueleza habari za chombo hicho, mzee akamwambia kwa adabu kwamba anamshukuru, lakini anataka kusema na anayekikamua. Tarishi alikuwa mtu wa Kijenge, mwembamba, ameendesha pikipiki ile tangu ilipofika, hakuna mtu mwingine aliyeipanda.

"Ana ubaya gani?" mzee akamuuliza.

Tarishi akaeleza bila kupumua. Inakunywa oili kidogo. Gia ya pili inalia. Springi za mbele zimechoka, usipite shimo kwa mbio. Asubuhi ya baridi inataka kiki tatu, ukipiga ya nne umeikosea. Alipokuwa akisema macho yake yalianza kumetameta, na alijifanya anafuta vumbi kwenye taa.

Nikapiga kiki. Ya tatu ikashika. Nikaweka bisibisi, na kweli gia ya pili ililia sauti nyembamba ya kuudhi. Nilisikiliza kuliko nilivyopata kusikiliza kitu maishani. Kisha nikainamia kizibo cha giaboksi, nikanusa, nikanusa tena. Ilinuka oili.

"Inalia au inaumwa?" Mzee Lomayani akauliza.

"Imezeeka tu, mzee. Meno yamezoeana."

"Atapanda mlima?"

Masika yalikuwa yamekaza, na hakukuwa na kitu kingine cha kuuza. "Itapanda," nikasema.

"Haya. Panda wewe, na mimi nitakaa nyuma."

Dresa alikuja kwa miguu yake akichechemea siku ile, kwa sababu mzee hakukubali kuacha nafasi yake. Alijifunga blanketi, akaipitisha fimbo kati yetu, akanishika kiuno kwa mkono mmoja wenye nguvu ajabu. Tulipita Sombetini watu wakitoka majumbani kutazama. Kwenye ule mteremko wa mto niliingiza gia ya pili, ikaanza kulia, tope likaruka mpaka mabegani. Tukapanda. Mzee alipiga ukelele wa kimorani sikioni kwangu, sikio hilo likaziba mpaka jioni. Tulipofika zahanati alishuka, akalikung'uta blanketi, akaipiga pikipiki kofi kiunoni na kusema, "Huyu ni wetu."

Baada ya hapo nilifanya kazi nyingi. Nilihamia karakana ya serikali, chini ya Bwana Mkaguzi wa Magari, Mwingereza mkimya aliyependa chai baridi. Nilimwomba kila pikipiki inayoletwa kupimwa ilazwe kwetu usiku mmoja juu ya mchanga mweupe, asubuhi tusome madoa. Aliniuliza nimejifunza wapi.

"Kwa mfugaji mmoja, bwana."

Alicheka akidhani ni mzaha, lakini mchanga ukaletwa, na nilipohama ulikuwa bado unatumika. Kisha nikawa fundi wa shamba la kahawa upande wa Usa, chini ya Meneja aliyekuwa na sauti kubwa na moyo laini. Huko nilidumu mpaka bendera ikabadilishwa, na baadaye sana mpaka macho yalipoanza kuniambia niache. Nilistaafu nikiwa na masikio yote mawili, mgongo nusu, na nyumba ya mabati iliyozungukwa na migomba. Sina la kulalamika. Nimeoa, nimezaa, nimekula kwa mikono yangu.

Vijana huja kunisalimu na pikipiki zao, na swali ni lilelile: imekwenda maili nyingi, ninunue au niache? Siwakatazi kutazama saa ya maili. Nawauliza nani alikuwa akiipanda, na kama wamemuuliza huyo. Wengi hawajamuuliza. Nawaambia pia kwamba fundi akikuambia chombo hakina ubaya, mwogope, kwa maana mimi niliwahi kuwa fundi huyo. Hapo ndipo wanaponiomba niwatajie pikipiki nzuri kuliko zote nilizopata kupima, wakitegemea nitataja ya Bwana fulani wa Kizungu.

Nawaambia habari ya Naomi, binti yetu wa kwanza, ambaye leo ni bibi na ananikataza sukari. Alikuwa na miezi minane, tukiwa bado tunakaa juu nyumbani kwa wazazi wangu. Ilikuwa asubuhi ya masika, barabara imekuwa mto, gari haliwezi. Mtoto alikuwa na kichomi. Kifua kilikuwa kikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na midomo imeanza kugeuka rangi. Ndugu yangu alikuwa amekimbilia zahanati kumwita Dresa tangu alfajiri. Mama Naomi alimshika mtoto wala hakulia, aliniuliza tu, kila baada ya muda mfupi, kama nasikia kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mvua inanipiga, nasikia mabati, nasikia mto, basi.

Halafu nikaisikia sauti ya yule bibi kizee wa ofisi ya mifugo, chini kabisa, bado hajafika kwenye mteremko. Nilijua ubaya wote wa pikipiki ile, hakuna hata mmoja niliokuwa nimeficha, na nilijua kwamba hakuna hata mmoja ambao ungeizuia kupanda. Nilishukuru Mungu kwa sauti, mimi ambaye huomba kwa kunong'ona.

"Bandika maji ya kuchemshia sindano," nikamwambia mke wangu. "Dresa amefika."

Akatoka kutazama, akaona njia tupu na mvua. Lakini alibandika.